Shule hunita kwa mchango au kwa makosa tu. Nitashirikiana nayo vipi?

*"Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi kisiwani Pate, Lamu, upande wa Kizingitini. Mwanangu wa kwanza ana miaka 14, yuko Gredi ya 8. Tangu Januari amekuwa akikosa shule siku mbili tatu, anarudi, kisha anakosa tena. Nimekuja kujua kuwa huenda baharini na ami yake kutafuta pweza na kamba, na akirudi huwa na pesa mfukoni. Baba yake huweza kukaa baharini wiki nzima. Shuleni nimeitwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa ya mchango. Mara ya pili mwalimu aliniambia mbele ya wazazi wenzangu kwamba sisi watu wa huku hatujali elimu. Nilitoka nikilia na sijarudi tena. Mimi niliishia darasa la 5. Kazi anazoletewa nyumbani sizielewi, nyingine zataka simu ya intaneti na vifaa vya kununua. Ustadhi wake wa chuoni, yaani madrasa, asema mtoto hana tabu, anahifadhi vizuri. Kaka yangu aliyeko Mombasa ataka nimpelekee akasome huko. Je, nimpeleke? Na mimi ambaye sikusoma nitasaidiana vipi na shule isiyonitaka?"*

Waaleikum salaam, mamangu. Barua yako ina mambo matatu yaliyofungamana: mtoto anayekosa shule, aibu uliyotiwa mbele ya watu, na hofu kwamba kwa kuwa uliishia darasa la 5 huna la kuchangia. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalokuzuia kuyashughulikia hayo mengine.

Huhitaji kuielewa kazi ya Gredi ya 8 ili uwe na faida katika masomo ya mwanao. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walikusanya tafiti 50 kuhusu wazazi wa watoto wa umri huo huo wa mwanao. Walipotazama mambo ambayo wazazi hufanya, kusaidia kazi za nyumbani hakukuonekana kuleta matokeo mazuri, na mara nyingine kulifuatana na matokeo mabaya. Kilichofuatana zaidi na mafanikio ni mzazi kuzungumza na mtoto kuhusu anakotaka kufika, kumwonyesha kuwa anatarajiwa kufika, na kuyahusisha masomo na maisha anayoyajua. Tafiti hizo hazikufanywa visiwani kwetu, lakini sababu yake ni rahisi kuiona hata hapa. Kijana wa miaka 14 anatafuta kujisimamia. Ukimkalia juu ya daftari, hata kama unalijua somo, mtaishia kugombana. Ukimuuliza anataka kuwa nani na somo hili litamfikishaje huko, anakusikiliza, hata kama hakuonyeshi.

Kwa hiyo kazi yako nyumbani ni nyingine. Kila jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili jambo moja alilofundishwa siku hiyo. Usimsahihishe, muulize mpaka ulielewe wewe. Mtoto anayeweza kumweleza mamake jambo akalielewa, huyo amelielewa jambo. Mpe mahali pa kukaa na taa, na wadogo zake wamwachie nafasi kwa muda. Kisha tazama daftari zake. Si lazima uyasome yaliyoandikwa. Tazama tarehe zilizo juu ya kurasa, na alama za kalamu nyekundu ya mwalimu. Palipo na pengo la siku tatu bila tarehe, hapo hakuwako darasani. Ziandike siku hizo kwenye karatasi uiweke, tutaihitaji.

Kuhusu vifaa vya kununua na simu ya intaneti, hapo shule nyingi zimeteleza. Mtaala wa umilisi umeweka ushiriki wa wazazi kuwa mojawapo ya misingi yake, na mimi naukubali msingi huo. Lakini kushiriki hakukukusudiwa kuwa kununua manila na kuchapisha picha kwenye duka la kompyuta. Mtaala wenyewe unahimiza matumizi ya vitu vinavyopatikana mahali mtoto anapoishi. Kisiwani kwenu kuna makuti, ukili, magome ya minazi, makombe ya baharini na mbao za mashua. Una haki ya kumuuliza mwalimu bila haya: "Kitu gani cha hapa kwetu kitafaa badala ya hiki?" Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa.

Sasa nije kwenye siku ile uliyotoka unalia. Nisikufiche: mwalimu yule alikosea. Kumwambia mzazi maneno kama hayo mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima, na hakuna shule inayojenga chochote kwa njia hiyo. Hata hivyo naomba uone jinsi maneno kama hayo yanavyozaliwa, kwa sababu utakutana nayo tena. Pengine mwalimu ametoka bara, hajui ratiba ya bahari, hajui kuwa baba yuko majini na mama ana watoto wengine watatu. Anaona kiti kitupu, anatuma ujumbe kwa mkono wa mtoto yule yule anayetoroka, jibu halirudi, naye anahitimisha kuwa nyumbani hawajali. Wewe nawe unaona kuwa shule ikikuita ni pesa au lawama, unaacha kwenda, na kutokwenda kwako kunakuwa ushahidi wa yale aliyoyadhani. Kila upande unausoma ukimya wa mwenzake kuwa dharau. Nimekaa na walimu na wazazi wa namna hii mara nyingi katika kazi yangu, na karibu kila mara nilikuta pande zote mbili zikimtakia mtoto jambo lile lile.

Watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider walizichunguza shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, wakitaka kujua kwa nini baadhi ziliinuka na nyingine zikabaki pale pale. Jambo moja waliloliona wazi ni imani kati ya watu wazima wa shule hiyo: walimu kwa walimu, walimu kwa wazazi, wote kwa mwalimu mkuu. Na imani hiyo haikutokana na hotuba. Ilitokana na mambo madogo ya kila siku: mtu kusikilizwa anapozungumza, kuona mwenzake anaijua kazi yake, kuona anamjali zaidi ya inavyomlazimu, na kuona ahadi inatimizwa. Ndiyo maana mimi sitilii maanani sana mikutano mikubwa ya wazazi. Mkutano mmoja kwa muhula ambapo watu 200 wanasomewa hesabu hauwezi kuzaa hayo. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya watu wawili, kabla ya kosa kutokea, yanaweza.

Kabla hujaenda, ujue kwamba shuleni huendi kama mgeni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imetenga nafasi 6 katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma kwa watu wanaochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali pale. Chama cha wazazi nacho kimo ndani ya sheria hiyo. Masomo katika shule ya msingi ya umma hayalipiwi karo, na Gredi ya 8 imo. Michango mingine inahitaji idhini ya Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mtoto hafukuzwi kwa kushindwa kuitoa, na anayekusanya pesa lazima atoe risiti rasmi. Sheria hiyo hiyo inakulazimu wewe na baba yake kuhakikisha mtoto anahudhuria, na inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu za mtoto kukosa shule. Kwa hiyo uchunguzi ulikuwa wajibu wao pia. Sikuelezi haya uende ukagombane nayo. Nakueleza ili uingie mlango ule umenyoosha mgongo.

Nenda siku ya kawaida, si siku ya mkutano. Nenda na mtu unayemwamini, dada yako au jirani, maana maneno mazito ni rahisi kuyabeba mkiwa wawili. Mtake mwalimu wa darasa, na kama ndiye yule yule aliyekuumiza, mwombe mwalimu mkuu akae nanyi. Beba ile karatasi ya siku. Na sema kwa Kiswahili chako bila wasiwasi. Hapa lugha ni yako na yeye ndiye mgeni. Waweza kuanza hivi: "Mwalimu, nimekuja kwa sababu mwanangu anakosa shule na sifurahii. Hizi ndizo siku nilizoziona mimi. Zako zinasemaje?" Ukianza na karatasi, hawezi tena kukuambia hujali. Ukishamaliza la mtoto, mwambie kwa upole kwamba maneno ya siku ile yalikuumiza, na ungependa akiwa na jambo nawe akuambie faragha. Usiondoke bila makubaliano madogo yanayotimizika: mwanao asipoonekana darasani, mwalimu akutumie ujumbe au akupigie siku ile ile, kabla ya mapumziko ya asubuhi. Wewe nawe umjulishe mapema kama mtoto ni mgonjwa. Na umwombe jambo moja zaidi, ambalo wazazi huona haya kuliomba: siku mtoto akifanya vizuri, akuambie pia.

Sasa ile karatasi. Ichukue uilinganishe na maji. Wewe unaijua bahari kuliko mimi, lakini nina hakika utaona kitu. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani mwanzoni na katikati ya mwezi wa Kiislamu. Na katika pwani yetu maji ya bamvua hukauka sana asubuhi ya katikati, saa nne hivi, miamba ikabaki wazi na pweza akapatikana. Saa nne ndiyo saa ya masomo. Tena umesema ilianza Januari. Muhula wa kwanza wote unaangukia msimu wa upepo wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na kila mwenye chombo akitafuta mikono ya kumsaidia. Ukiingia msimu wa kusi, bahari inachafuka, na huenda ukaona mtoto amerudi darasani mwenyewe, ukadhani yamekwisha.

Kama siku alizokosa zinafuata bamvua, basi hapo mna jambo la kufanyia kazi, wewe na mwalimu. Utoro wenye ratiba unaweza kutazamiwa. Mwalimu akijua bamvua itaanguka wiki ijayo, anaweza kumpa mwanao jukumu darasani siku hizo, au kuweka siku hizo zile kazi za vitendo ambazo vijana huzipenda. Wewe unaweza kuwa macho asubuhi zile hasa, badala ya kumlinda mwezi mzima ukachoka. Na kama siku hazifuati maji hata kidogo, basi pweza si sababu, ni kisingizio, na inabidi utafute kinachomkimbiza. Mpe gazeti au kitabu cha Kiswahili akusomee aya moja. Darasa lako la 5 linatosha kukuonyesha kama anasoma au anababaisha. Mtoto wa Gredi ya 8 asiyesoma vizuri huaibika kila siku darasani, na baharini ndiko mahali pekee anapoonekana hodari. Muulize pia, mkiwa wawili tu, kama anapigwa au anatukanwa shuleni. Viboko vimekatazwa na sheria, na mtoto anayevikimbia ana sababu.

Ami yake ni lazima aingie katika jambo hili, na hapa ndipo ninapokuomba busara zaidi. Usimwendee kama mkosaji. Huenda anaona anamfundisha kijana kazi ya ukoo wake, na kazi hiyo ina heshima. Mimi siamini kwamba elimu ya mtoto wa Kizingitini inajengwa kwa kumfanya aionee bahari haya. Ila sheria inakataza kumtumikisha mtoto wa umri wa shule kwa kazi inayomzuia kusoma, na ami lazima alijue hilo, bora alisikie kwa ndugu yake kuliko kwa chifu. Subiri baba yake arudi. Mzungumze naye kwanza nyinyi wawili, mkubaliane neno moja, kisha baba ndiye amwambie nduguye: Jumamosi na likizo kijana ni wako, mfundishe usukani na nyavu, siku za shule ni za shule. Katazo lenye nafasi ndani yake hufuatwa zaidi kuliko katazo tupu. Kuhusu pesa anazorudi nazo, usimnyang'anye. Mkalishe mpange: hizi za daftari, hizi za kuweka. Kijana akishazoea pesa ya siku ile ile, shule inayoahidi matunda ya miaka kadhaa mbele inapoteza ladha, na hilo halitatuliwi kwa kumfokea.

Umenitajia ustadhi kana kwamba maneno yake yanapingana na ya shule. Mimi nimeyasikia kama habari njema kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Mtoto anayehifadhi vizuri ana kumbukumbu, ana utulivu, na anaweza kuzingatia. Basi akili anayo. Swali ni kwa nini chuoni inaonekana na shuleni haionekani. Mwombe ustadhi aje shuleni, au mwalimu aende chuoni baada ya alasiri, wamzungumze mtoto huyu. Kwa nini mwanao hakosi chuo? Nani humuuliza asipofika? Majibu ya ustadhi yanaweza kumfaa mwalimu kuliko semina. Wala si jambo geni pwani kwetu. Viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walipoona watoto wao wanaachwa nyuma, walitafuta msaada wa Aga Khan Foundation, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa shule za awali ndani ya madrasa, ukiongozwa na Bi Swafiya Said. Jamii ilitoa mahali na kamati ya kusimamia, kina mama wa mtaa wakafunzwa ualimu, dini na masomo mengine vikakaa chini ya paa moja. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Ulisimama kwa sababu wazazi walikuwamo tangu siku ya kwanza.

Yakishatulia ya mwanao, ongea na mama wawili watatu wenzako mpeleke pendekezo moja kwa chama cha wazazi: mikutano iwekwe alasiri, isiangukie bamvua wala Ijumaa, na ifanywe kwa Kiswahili. Nusu ya viti vitupu vinavyoitwa kutojali ni saa mbaya tu.

Nimeliacha suala la Mombasa nyuma kwa makusudi. Kaka yako anakutakia mema, na kuna faida za kweli huko: shule nyingi za kuchagua, na kijana anakuwa mbali na chombo cha ami yake. Lakini anakuwa mbali nawe pia, katika umri ambao jicho la mzazi linahitajika mno, ndani ya mji ambao hana anayemjua mpaka mtaa wa pili. Kama tatizo ni kutojua kusoma, atalibeba. Kama ni kutaka pesa, Mombasa zipo njia nyingi za kuzipata, nyingine mbaya kuliko pweza. Kuhamishwa katikati ya mwaka, akiwa amebakiza Gredi ya 9 na mtihani wake wa kumaliza sekondari msingi, kunamvuruga. Ushauri wangu ni kuwa usimpeleke sasa. Jaribu niliyokueleza kwa muhula mzima. Yakishindikana, mpeleke mwanzoni mwa mwaka, si katikati, baada ya wewe mwenyewe kwenda kuiona shule, na baada ya mke wa kaka yako kukubali kwa moyo wake, maana yeye ndiye atakayeishi na kijana kutwa. Hapo mjomba achukue nafasi yako kikamilifu: namba yake iwe kwa mwalimu wa darasa, na yako pia.

Kuna hali ambazo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukiona hasomi hata Kiswahili, anasogeza kitabu karibu na macho, au anakuomba urudie maneno, mpeleke hospitali ya Faza au King Fahd kule Amu akapimwe macho na masikio, kisha umuulize afisa wa elimu kuhusu kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu. Ukiona macho mekundu, usingizi wa mchana, marafiki wapya wakubwa kuliko yeye, au pesa kupotea nyumbani, usisubiri muhula uishe. Huenda ni bangi au unga wa kulevya, na hapo anahitaji mhudumu wa afya haraka. Ikiwa anapigwa shuleni au unatozwa pesa bila risiti na mwalimu mkuu hakusikilizi, nenda kwa afisa wa elimu wa Lamu Mashariki. Na kama kuna mtu anamdhuru, popote pale, piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Kokote utakakokwenda kati ya huko, beba daftari zake na ile karatasi ya siku alizokosa, kwa sababu hayo ndiyo watakayokuuliza kwanza.